Tuhuma katika wasifu wa mtu aliye hai: namna ya kuziandika kwa haki

Mei 2005 mtu ambaye hakujitambulisha aliingia katika Wikipedia ya Kiingereza akaandika wasifu mfupi wa John Seigenthaler, mwandishi wa habari mkongwe wa Nashville, Marekani. Humo alipachika uongo kwamba Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy na ya mdogo wake, Robert. Ukweli ni kwamba Seigenthaler alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy na mmoja wa waliobeba jeneza lake. Uongo ule ulikaa miezi minne bila kuguswa, na tovuti nyingine zikaunakili. Novemba 29 mwaka huo mzee mwenyewe alilalamika hadharani katika gazeti la USA Today, na baada ya hapo Wikipedia ikajiwekea kanuni maalumu za wasifu wa watu walio hai.

Kisa hicho kilitokea katika lugha yenye wahariri tele. Kwa Kiswahili tuko wachache. Sentensi mbaya ikishaingia kwenye wasifu wa mbunge, askofu au msanii inaweza kukaa miaka kabla hajapatikana mtu mwenye muda wa kuikagua. Miaka yote hiyo inasomwa na mwajiri, inasomwa na wakwe, inasomwa na mtoto wa darasa la sita aliyetafuta jina la baba yake. Kwa hiyo namwomba anayeandika wasifu, iwe Wikipedia au kwenye tovuti yake, afanye mambo mawili kwa moyo wote: achague kitenzi kwa uangalifu wa karani wa mahakama, na arudi baadaye kuangalia shauri limeishia wapi. Hatua zinazofuata zinatoka kwenye hayo mawili.

Hatua ya 1: Pima kama jambo lenyewe ni la kuandikwa

Waziri, jaji, mkurugenzi wa shirika la umma, kiongozi wa dhehebu, nyota wa soka: namna walivyotumia cheo, fedha au imani ya watu ni haki ya umma kuijua. Kama vyombo vya habari vya kuaminika vimeiandika tuhuma kwa kina, ina nafasi kwenye wasifu hata mwenyewe akichukia.

Mwalimu aliyesambazwa WhatsApp kwa siku tatu si mtu wa umma. Huyo, kama hakuna mahakama iliyomtia hatiani, muache kabisa.

Tenganisha pia tuhuma na umbea. Ndoa kuvunjika, ugonjwa, mtoto wa nje ya ndoa, hayo hayageuki kuwa mali ya umma kwa sababu mhusika ana bendera kwenye gari. Yanaingia pale tu yanapogusa dhamana aliyopewa, kwa mfano anapodaiwa kumtumia vibaya mtumishi aliye chini yake. Na hapo jina la anayelalamika usiliandike, wala mtaa wake, wala shule, wala picha, hata kama limeshavuja kwingine. Nimeona waandishi wakimlinda mkubwa kwa maneno ya staha huku binti aliyelalamika wakimwacha wazi. Haki ya wasifu inawahusu wote wawili.

Hatua ya 2: Jua shauri limefika ngazi gani

Hapa ndipo tunapoumiza watu zaidi, na mara nyingi bila nia mbaya. Lugha ya habari tumeizoea mpaka hatuoni tena umbali uliopo kati ya neno na neno.

Kutuhumiwa maana yake kuna mtu amesema. Kuchunguzwa maana yake chombo cha kupambana na rushwa, kama TAKUKURU ya Tanzania au EACC ya Kenya, kimefungua jalada. Kuhojiwa ni kuitwa utoe maelezo, na hata shahidi huitwa. Kukamatwa hakuhitaji ushahidi wa kutosha kumfunga mtu. Kushtakiwa ni kusomewa mashtaka mbele ya hakimu. Kutiwa hatiani ni uamuzi wa mahakama, na juu ya uamuzi huo bado kuna rufaa. Katiba ya Kenya, ibara ya 50, na ya Tanzania, ibara ya 13, zote zinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo huyo aliyepandishwa kizimbani ni mshtakiwa. Usimwite mhalifu, na usimwite fisadi.

Ngazi za kazini nazo zina mitego yake. "Amesimamishwa kupisha uchunguzi" si "amefukuzwa". Taarifa ya Ikulu inayosema Rais ametengua uteuzi wa fulani mara nyingi ni ya mistari michache na haitaji sababu. Kama sababu haikutajwa, wewe usiitaje. Niliwahi kukuta wasifu wa kiongozi mmoja wa mkoa ukisema alifukuzwa kwa wizi wa mbolea ya ruzuku. Tanbihi ilikuwepo, kwa hiyo aliyepita haraka aliamini. Nilipoifungua habari yenyewe, ilisema uteuzi wake umetenguliwa, basi. Mbolea ilitajwa aya tatu chini, katika habari nyingine ya mkoa huohuo.

Kujiuzulu pia si kukiri. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanzania Februari 2008, baada ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kutoa ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Yeye alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo, na mwaka 2015 aligombea urais akapata karibu asilimia 40 ya kura. Alifariki Februari 2024, na miaka yote kumi na sita kati ya kujiuzulu na kufa aliandikwa mara kwa mara kama mtu aliyepatikana na hatia. Mwandishi wa haki angeyaweka yote pamoja: ripoti, kujiuzulu, lalamiko lake, na ukweli kwamba hakukuwa na kesi.

Neno gumu kuliko yote ni "kuachiwa huru". Mtaani mtu aliyepata dhamana "ameachiwa", aliyeondolewa mashtaka "ameachiwa", na aliyeshinda kesi "ameachiwa". Kisheria ni vitu vitatu tofauti. Kenya, upande wa mashtaka ukiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, mshtakiwa anakwenda nyumbani lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Mahakama ikisema chini ya kifungu cha 210 kwamba hana kesi ya kujibu, huyo ameshinda. Tanzania, wakili wa Serikali akisimama na kusema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri, mshtakiwa anatoka, lakini mlango wa kumshtaki upya haujafungwa. Andika kilichotokea kwa ukamilifu wake: "mashtaka yaliondolewa", "mahakama ilimkuta hana kesi ya kujibu", "alishinda rufaa". "Amesafishwa" ni neno la mashabiki wake, usilichukue.

Tazama kesi za Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Desemba 2010 walitajwa watu sita kuhusiana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 2012 majaji walikataa kuwapeleka Henry Kosgey na Mohammed Hussein Ali kwenye kesi. Mashtaka ya Francis Muthaura yaliondolewa Machi 2013, na ya Uhuru Kenyatta Desemba 2014, kabla kesi zao hazijaanza kusikilizwa. William Ruto na Joshua Sang walifika mpaka kwenye kesi yenyewe, ambayo majaji waliisitisha Aprili 2016. Watu sita, miisho ya aina tatu, na mara nyingi wote huandikiwa sentensi moja.

Na kuna tatizo linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Kwa wale wanne waliobaki, hatua ile ya Januari 2012 iliandikwa kila mahali kwamba mashtaka "yamethibitishwa". Kwa sikio la kawaida jambo lililothibitishwa limeonekana kuwa kweli. Majaji hawakusema hivyo. Walisema upo msingi wa kutosha wa kesi kusikilizwa. Msomaji wa wasifu hana wajibu wa kujua taratibu za The Hague, mji wa Uholanzi yaliko makao ya ICC, kwa hiyo mpe maana kamili: "majaji waliamua kesi iendelee kusikilizwa". Maneno matatu zaidi, na umemwondolea mtu hatia ambayo hakuna aliyempa.

Hatua ya 3: Kagua vyanzo, kisha uvihesabu upya

Kwa tuhuma nzito tafuta angalau vyanzo viwili vinavyojitegemea. Mwananchi na The Citizen zinatoka kampuni moja. Habari ileile ikitokea kwenye zote mbili, hesabu moja. Tovuti tano zilizonakili gazeti moja ni chanzo kimoja chenye vivuli vinne. Tafuta mwandishi aliyekwenda mwenyewe mahakamani, au aliyempigia mhusika simu akapata jibu.

Vyanzo viwili vinavyoheshimika vinahitaji tahadhari yao.

Cha kwanza ni Bunge. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inampa mbunge uhuru wa kusema bungeni bila kushtakiwa kwa aliyoyasema. Kinga hiyo ni njema kwa nchi, ila maana yake ni kwamba maneno yake hayajapimwa na mtu. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, inathibitisha kwamba fulani alisema, haithibitishi alichosema. Kama umelazimika kuitumia, mtaje mbunge, taja tarehe, na utafute jibu la aliyetajwa.

Cha pili ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG. Kila Aprili inapowasilishwa bungeni, wasifu kadhaa huvamiwa wiki hiyohiyo. Hoja ya ukaguzi ni swali: fedha hizi hazina nyaraka, tuelezeni. Nyingine hujibiwa na kufungwa baadaye. Halmashauri kupata hati chafu ni hukumu juu ya vitabu vya hesabu, na mkurugenzi aliyekuwa na cheo mwaka huo hawi mwizi kwa hati hiyo. Andika "ripoti ya CAG ya mwaka fulani ilihoji matumizi ya kiasi fulani". Usivuke hapo mpaka chombo kingine kivuke.

Hukumu za mahakama zinapatikana bure mtandaoni kupitia Kenya Law na TanzLII. Zisome ili kujua matokeo kwa uhakika, hasa ya rufaa, kwa kuwa magazeti hujaza ukurasa wa mbele siku ya kukamatwa na kuandika mistari minne siku ya kushinda rufaa. Lakini usiende kwenye hati ya mashtaka kuchimba tuhuma ambazo hakuna chombo cha habari kilichoziandika. Kazi hiyo ni ya mwandishi wa habari, mwenye mhariri na wakili nyuma yake.

Hatua ya 4: Andika sentensi yenyewe

Sentensi ya tuhuma iwe na nani alisema, lini, alisema nini hasa, mhusika alijibu nini, na imefikia wapi. Jibu likae karibu na tuhuma, katika aya ileile. Ukiliweka chini kabisa, baada ya aya nne za lawama, wengi hawatalifikia.

Wasifu mbaya husema: "Katika uongozi wake alikula fedha za maji na kesi yake ipo mahakamani." Andika hivi: "Machi 2021 TAKUKURU ilimfikisha mahakamani kwa mashtaka ya matumizi mabaya ya madaraka katika mradi wa maji. Alikana mashtaka. Hadi Juni 2023 kesi ilikuwa haijatolewa hukumu." Mfano huu ni wa kubuni. Angalia kazi ya "hadi Juni 2023": unamwambia msomaji ulisimama wapi, na unamwachia mhariri ajaye alama ya kuanzia. "Kesi inaendelea" haizeeki machoni pa msomaji. Ataisoma baada ya miaka kumi akidhani inaendelea leo.

Kwa Ruto, sentensi ya haki ingekuwa hivi: "Alishtakiwa ICC kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu kuhusiana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, akakana. Kesi ilianza Septemba 2013. Aprili 5, 2016 majaji wawili kati ya watatu waliisitisha kwa kuwa ushahidi wa upande wa mashtaka haukutosha, bila kutamka kwamba hana hatia na bila kuzuia ashtakiwe upya." Mpinzani wake ataona umempendelea, mfuasi wake ataona umemchokoza, lakini kila neno lina mahali lilipotoka.

Jihadhari pia na "anadaiwa". Ni neno jema, ila halisafishi kila kitu. "Anadaiwa kuwa jambazi", bila kusema anadaiwa na nani, ni uvumi uliovaa kanzu.

Hatua ya 5: Pa kuiweka, na kwa uzito gani

Sentensi ya kwanza ya wasifu ndiyo injini za utafutaji huionyesha, na ndiyo husambazwa. Tuhuma ambayo haijafika popote isikae hapo. Iweke kwenye mwaka wake, ndani ya maelezo ya kazi aliyokuwa akiifanya. Sipendi vichwa vidogo vya "Kashfa". Vikishawekwa, kila apitaye huona pengo la kujaza, na mwisho mtu aliyehudumu miaka thelathini anabaki na mistari mitano ya kazi na aya tisa za lawama.

Uzito huo hupimwa pande zote mbili. Wapo wanaofuta, nao ni wengi siku hizi: wasaidizi, ndugu, watu waliolipwa. Jean-Pierre Bemba wa Kongo ni kipimo kizuri cha ujasiri wa mwandishi. Machi 2016 ICC ilimtia hatiani kwa uhalifu uliotendwa na wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003, ikampa kifungo cha miaka 18. Juni 8, 2018 majaji watatu kati ya watano wa rufaa walifuta hukumu hiyo. Wasifu unaoishia 2016 unamdhulumu. Lakini wasifu unaosema "ICC ilimwachia huru" na kunyamaza nao una upungufu, maana katika kesi nyingine alitiwa hatiani kwa kuwashawishi mashahidi, na hatia hiyo ilibaki. Mwaka huohuo wa 2018 hatia hiyo ndiyo iliyomfungia njia ya kugombea urais. Mwaka 2023 akawa waziri wa ulinzi. Ukiondoa kipande kimoja tu, hadithi nzima inapinda.

Hatua ya 6: Ukikuta ubaya umeshaandikwa

Tuhuma nzito isiyo na chanzo, au yenye chanzo kisichosema hivyo, iondoe kwanza. Usiweke alama ya "chanzo kinahitajika" ukaenda zako. Alama hiyo haimzuii mtu kuisoma na kuiamini. Kanuni za Wikipedia ya Kiingereza zinaagiza maneno ya namna hiyo yaondolewe mara moja, bila kusubiri mjadala.

Kwenye muhtasari wa hariri andika "nimeondoa dai lisilo na chanzo kuhusu mtu aliye hai". Usilirudie dai lenyewe, kwa kuwa muhtasari unabaki kwenye historia ya ukurasa. Fanya vivyo hivyo kwenye ukurasa wa majadiliano. Kama maneno ni ya kumdhalilisha mtu, waombe wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, walifiche toleo hilo la zamani. Kisha tazama kama makala hiyo ilitafsiriwa kutoka lugha nyingine. Makala zetu nyingi ni tafsiri, na ile ya Kiingereza husahihishwa huko huku yetu ikibaki kama ilivyotafsiriwa siku ile.

Mhusika mwenyewe akija amekasirika, mpokee kwa adabu ya mgeni. Mtu aliyesingiziwa huandika kwa hasira na kufuta bila kufuata taratibu. Usianze kwa kumfungia. Mwombe aonyeshe sentensi gani si kweli na hukumu au habari inayomuunga mkono iko wapi. Ukikuta ana haki, sahihisha siku hiyohiyo. Ukikuta anataka tu kuficha lililothibitishwa na mahakama, mweleze hivyo bila ukali na uache sentensi ilipo.

Hatua ya 7: Rudi

Weka orodha yako, daftari au simu, ya kila wasifu ulioweka tuhuma na tarehe ya mara ya mwisho ulipoikagua. Mimi hurudi kila baada ya miezi sita, na tena kunapotokea uchaguzi au baraza jipya la mawaziri, maana ndipo watu huanza kutafuta majina. Tafuta jina la mhusika pamoja na neno "rufaa", "hukumu" na "kuondolewa mashtaka". Kagua Kenya Law au TanzLII. Vital Kamerhe wa Kongo alihukumiwa miaka 20 jela Juni 2020 kwa ubadhirifu, rufaa ikapunguza hadi 13 mwaka 2021, na Juni 2022 mahakama ikamwona hana hatia. Aliyeandika Juni 2020 na asirudi ameacha mtandaoni sentensi iliyokuwa kweli siku alipoiandika. Ifungue leo, ongeza mistari miwili iliyokosekana, na andika tarehe mpya kwenye daftari.